Kutoka Tanga hadi Marangu kwa mapafu haya

Basi la Tanga kwenda Moshi hupita Segera, Korogwe na Mombo, kisha huambaa na milima ya Usambara na ya Upare upande wa kulia mpaka Same na Mwanga. Mizigo yangu yote ilikaa kwenye buti, isipokuwa mkoba mmoja niliopakata njia nzima. Ndani yake mlikuwa na pampu yangu ya salbutamoli, dawa inayofungua njia za hewa, chupa yake, kipima oksijeni cha kubana kidoleni na kanga ya kufunika pua. Pampu haitakiwi kuachwa juani au mbele ya gari chini ya kioo, maana kikopo chake kina mgandamizo na joto huiharibu.

Nina ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa husinyaa na hazirudi tena kama zamani. Sigara sijawahi kuvuta. Nimepikia kuni tangu utotoni, kisha nikawa mama ntilie kwa miaka mingi, na daktari aliniambia moshi wa jikoni peke yake unatosha kuleta ugonjwa huu. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma na kuniambia nikae ndani nipumzike. Wanasema kwa upendo, najua, lakini ushauri huo unaumiza. Misuli isiyofanya kazi hudhoofu, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, basi anayekaa tu huishia kuhema hata akienda uani.

Kwa hiyo wifi yangu aliponialika Moshi, kabla ya kukubali nilikwenda kliniki kumwuliza daktari. Akanipima nikiwa nimekaa na nikiwa nimetembea, akanipa kikomo: kipimo cha oksijeni damuni kikishuka chini ya asilimia 88, nisimame nipumzike mpaka kipande tena. Hicho ni kikomo changu mimi, mwenzangu atapewa chake.

Tuliianza safari yenyewe kwa msitu wa Rau, karibu kabisa na mji wa Moshi. Naupendekeza kwa kila mwenye kifua kama changu. Ni tambarare, na unaishi kwa maji yaliyo karibu chini ya ardhi, hivyo njia zake zina unyevu na vumbi si la kutisha. Mivule yake ni mikubwa hadi unainua uso kukitafuta kilele. Hatukwenda alfajiri. Asubuhi za mwezi wa sita Moshi kuna baridi, na hewa baridi hubana kifua. Tena baridi ya usiku huulalisha moshi wa majiko na wa takataka chini, karibu na pua za watu. Tuliondoka saa nne, ukungu ulipokwisha.

Robo saa kabla ya kutembea nilivuta dawa. Chupa yangu ni ya maji, ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingia mdomo wa pampu barabara. Unapuliza dawa mara moja ndani ya chupa, unavuta taratibu kwa kinywa cha chupa, unaishikilia pumzi, ndipo unarudia. Ukipuliza moja kwa moja mdomoni bila mpangilio, dawa nyingi huishia kooni. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya namna hii hufanya kazi sawa na kile kifaa cha kuvutia dawa kinachouzwa dukani. Mtoto wa wifi alinitazama kwa makini kisha akasema, "Shangazi, nionyeshe, nikijua nitakusaidia." Nikamfundisha palepale, maana anayefuatana nami lazima ajue.

Mwendo wetu ulipimwa kwa mazungumzo. Nikiweza kumaliza sentensi bila kukatika, tunaendelea. Sentensi ikikatika, tunapunguza. Naingiza hewa kwa pua, naitoa polepole kwa midomo iliyobinywa kama ninayepoza chai, na kutoa kuwe mara mbili ya kuingiza. Midomo ikibinywa hivyo, njia za hewa hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi na hewa iliyonaswa ndani hutoka. Mbega walikuwa juu ya miti, mikia yao myeupe ikining'inia, nasi tukakaa kwenye gogo kuwatazama kwa muda tulioutaka. Kijana wa bodaboda alikuwa anatusubiri upande wa pili, kwa hiyo sikuwa na deni la kurudi kwa miguu.

Marangu ilikuwa habari nyingine. Tulipitia Himo, tukapanda na barabara hadi Marangu Mtoni, tukaenda kutazama maporomoko ya Kinukamori. Maporomoko yako bondeni. Unashuka ngazi ukiwa na nguvu zako zote, kazi ya kupanda inakungoja mwisho, umeshachoka. Mlimani ni kinyume, huko ukichoka unageuka na kushuka. Basi nilishuka ngazi chache, nikageuka nikazipanda tena, nikatazama kipimo na kusikiliza kifua. Kilipotulia nikashuka zaidi, nikafanya vilevile. Wakati wa kupanda nilitoa pumzi nikinyanyua mguu, nikaivuta nikiwa nimesimama. Mwongozaji wetu hakunisukuma hata mara moja. "Mama, maji hayaondoki," alisema. Niliishia mahali ambapo rasharasha zilinifikia usoni, na hapo nilitosheka.

Mama yake wifi anaishi karibu na hapo, kihambani, chini ya migomba na kahawa. Alikuwa anapika mtori jikoni kwa kuni, na moshi umejaa mpaka mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaninyooshea mkono niingie. Kumkatalia mzee jiko lake ni jambo zito, nami sikutaka kuingia. Nikamwambia, "Mama, kifua changu kimeumizwa na moshi, nipe ruhusa nikae hapa nje nimenye ndizi." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hata mimi nakohoa kila asubuhi." Tuliongea sana baada ya hapo. Nilimsihi wifi ampeleke akapimwe, kwa sababu wengi huchukulia kikohozi hicho kuwa cha uzee, na sikubali kiachwe hivyo.

Mwisho tulipanda kwa gari hadi lango la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, mita zinazokaribia 1,900. Kiasi cha oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile ya Tanga, kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma mapafuni. Kileleni Uhuru, mita 5,895, hubaki karibu nusu. Hata ndani ya ndege hewa huwekwa kama ya mita 1,800 hadi 2,400, ndiyo maana mgonjwa amwone daktari kabla ya kuruka. Kipima kilisoma 85. Nikavipasha vidole moto kwanza kwenye kanga, maana baridi hukidanganya, kama kinavyodanganywa na piko au rangi nzito ya kucha. Kikasoma 89. Nilitembea polepole hapo langoni, nikawapungia mkono wapagazi waliokuwa wakishuka, tukageuza gari. Kibanda cha Mandara, wanapolala wapanda mlima, kiko mita 2,720 na sikuwa na haja nacho.

Wifi sasa anataka nirudi mwezi wa kwanza twende chemchemi za Chemka. Nimekubali kwa masharti: barabara ya kutoka Boma Ng'ombe ina vumbi, kwa hiyo vioo vya gari vifungwe, na ndani ya maji nitakaa yanaponifika kiunoni, kwani yakifika shingoni hukandamiza kifua. Amesema atanitafutia jiwe zuri la kukalia.