Maji ya Mvua, Maji ya Bahari

Juzi baada ya mvua nilikuta maji ndani ya boti. Nikachovya kidole, nikaonja. Mwanangu akashtuka: "Baba, unakunywa maji machafu?" Nikamwambia natazama kama ni ya mvua au ya bahari. Yalikuwa ya mvua, tukayafua, tukayamwaga nje. Lakini kuonja kule nilikurithi kwa babu.

Ulikuwa msimu wa kusi. Tulitoka na babu Nungwi, Unguja, alfajiri kwenda Kipumbwi, pwani ya bara, na mashua ilikuwa imeshinda siku kadhaa pwani ikitiwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao kwa pamba. Upande wa kulia niliutia mimi. Pamba huchovywa kwenye sifa, mafuta ya papa, mpaka ilowe, husokotwa, ndipo ishindiliwe kwa patasi na kufunikwa kwa shahamu na chokaa. Kwenye mbao mbili za mwisho nilishindilia pamba kavu. Maji yalikuwa yanajaa, nami nilitaka chombo kielee.

Tulipokuwa mbali na nchi nikasikia maji yakicheza kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo. Nikajipa moyo: mbao zilizokauka huvuja siku ya kwanza, zikivimba hujifunga. Babu akamwachia ami usukani, akashuka, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akatema.

"Bahari."

Akalala kifudifudi, mkono umezama hadi begani, macho kayafumba. Vidole vikatembea ubao kwa ubao, polepole, vikarudi nyuma kidogo, vikaendelea. Mimi nilikuwa najua vinakokwenda. Vilipofika pale vikasimama.

"Lete mkono wako."

Maji yalinipiga kiganjani kama mshipa wa shingo.

"Kwanza tuliinue tundu," akasema. Tukapisha tanga upande wa pili, tukageuza kurudi Unguja. Upande wa kulia ukawa joshini, kunakotoka upepo, ukanyanyuka, na maji yakapungua. Babu akachana ncha ya kikoi chake, akailoweka kwenye sifa, akaishindilia kwa ncha ya kisu. Tukafua maji kwa zamu hadi Nungwi.

Hakuuliza nani alitia pamba pale. Bamvua lililofuata, wakati wa maji makubwa, alinipa patasi, akanionesha mbao zilezile mbili, akaenda kukaa kivulini akiwa amenipa mgongo. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiamini au ananiadhibu.

Tangu juzi mwanangu anaonja kila maji anayoyakuta kwenye boti. Habari ya pamba kavu bado sijamwambia.