Nilivyowafundisha mabinti kurusha "danganya toto"

Mpigaji wa softiboli, mchezo wa kupiga kwa kirungu mpira unaorushwa, huanza kuzungusha kirungu kabla hajajua kwa hakika mpira utamfikia lini. Kwa mabinti wadogo, wanaorusha kutoka mita 12.2, mpira wa kilomita 65 kwa saa hufika kwa karibu sekunde 0.7. Wa kilomita 50 hufika kwa karibu sekunde 0.9. Chenjiapu, mrusho wa taratibu unaofichwa ndani ya mwendo wa mrusho wa kasi, inaishi ndani ya tofauti hiyo ndogo: mkono wa mrushaji unazunguka duara kwa kasi ileile, mpira unachelewa, kirungu kinapita hewani. Mabinti ninaowafundisha hapa Dodoma waliibatiza danganya toto, na jina hilo limeshika.

Ujanja wenyewe hawakuhitaji kufundishwa. Karibu wote wamekulia kwenye rede, na aliyewahi kusimama katikati akijaza mchanga kwenye chupa huku wawili wanamlenga anajua mtu anavyoinua mkono kana kwamba atarusha kwa nguvu, kisha akaachia laini. Nilianza na hilo, wakaelewa siku hiyohiyo tunatafuta nini. Kuelewa kulikuwa kwepesi. Mwili ndio uliogoma.

Binti ukimwambia arushe taratibu, mwili mzima unatii. Hatua inafupika, bega linalegea, mkono unazunguka kwa uvivu, na mpigaji anasoma yote hayo mpira ukiwa bado mkononi. Kwa hiyo maneno "rusha taratibu" niliyaondoa kabisa uwanjani. Namwambia azungushe kama anataka kuichana glavu ya mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Kazi ya kupunguza kasi iachiwe kiganja peke yake.

Hapo kwenye kiganja ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Mpira wa kasi hushikwa kwa vidole, pakibaki nafasi kidogo kati yake na kiganja, na mwishoni kifundo cha mkono kinaupiga mjeledi. Njia inayofundishwa sana kwa chenjiapu ni kuuzamisha mpira ndani ya kiganja na kukaza kifundo ili mjeledi usiwepo. Kwa wakubwa inafanya kazi vizuri. Lakini mpira wa kawaida wa softiboli una mzingo wa karibu sentimita 30, na mtoto mwenye mkono mdogo anaushika kwa kiganja kizima hata anaporusha wa kasi. Kwake mshiko huo haubadilishi chochote; mpira unatoka na mwendo uleule.

Hao nikawapeleka kwenye mgongo wa mkono. Mkono unaposhuka kumalizia duara, binti anaugeuza ili mgongo wa kiganja umtazame mdakaji, kifundo kitangulie, mpira ufuate nyuma na kutoka vidole vinapofunguka. Mwanzoni nilisikia, "Madam, mpira unakataa kutoka," au uliruka juu ukapita kichwa cha mdakaji. Nikawauliza: asubuhi kabla ya kufagia uwanja wenye vumbi, mnanyunyizaje maji? Wote wakatikisa mkono, mgongo wa kiganja mbele, vidole vikifunguka mwishoni. Ndivyo hivyo hivyo. Tukarudia bila mpira, kisha karibu na mdakaji kwa nusu duara tu, ndipo tukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi umbali wenyewe. Wapo waliopata haraka. Wapo waliochukua msimu mzima, na sikuwaharakisha.

Kosa linalofuata ni urefu. Mpira wa taratibu hukaa hewani muda mrefu na kushuka zaidi, hivyo mtoto, ili ufike, anaurusha juu. Unapanda na kushuka kwa upole mbele ya macho ya mpigaji, naye ana muda wa kutosha kujipanga na kuupeleka mbali. Nilifunga kamba ya katani kwenye nguzo mbili, katikati ya mrushaji na mdakaji, usawa wa kichwa cha mpigaji. Mpira upite chini ya kamba na ufike magotini. Ukidunda kabla ya kufika, sisemi kitu, kwa sababu chenjiapu ya chini sana mara nyingi inagharimu boli moja tu, yaani mrusho mmoja uliokosa eneo la kupigwa, lakini ya kifuani inaweza kugharimu mchezo.

Upepo wetu nao una sauti katika jambo hili. Miezi ya kiangazi Dodoma inavuma kweli, na mpira wa taratibu unasukumwa kuliko wa kasi. Ukivuma kumkabili mrushaji unamsaidia, kwani mpira unazidi kuchelewa na kushuka. Ukivuma kutoka mgongoni mwake, namtaka aachie chini zaidi. Tunafanya mazoezi pande zote mbili kwa makusudi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa. Wenzake wanasimama nyuma ya uzio, upande wa mdakaji, wakipaza sauti "kasi!" au "toto!" kabla mpira haujatoka mkononi. Wakipatia mara kwa mara, kuna kitu kinamsaliti, na kazi yetu ni kukitafuta. Mmoja alikuwa anauma mdomo kila anapokuja na chenjiapu. Mwingine alichungulia ndani ya glavu kutafuta mshiko. Kwa hilo la glavu niliwapa kanuni moja: kila mara anza na mshiko wa chenjiapu, mpira ukiwa umefichwa; kama ishara ya mdakaji ni ya mpira wa kasi, badilisha humohumo ndani. Anayekutazama asipate tofauti.

Tulitazama pia kwenye simu video za Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha katika fainali mbili za Olimpiki ambazo nchi yake iliishinda Marekani, ya Beijing 2008 na ya Tokyo iliyochezwa 2021. Niliwataka watazame mguu wa mbele na kasi ya bega tu, mpira wausahau.

Baada ya hapo huja swali la lini kuutumia, na hapa nina msimamo mkali. Mpigaji anayechelewa kwenye mpira wa kasi asipewe chenjiapu hata mara moja, kwa kuwa unampelekea kasi anayoiweza. Wa kupewa ni yule anayewahi, anayepiga mipira ya kasi ikatoka nje ya mstari upande anaovutia kirungu. Watoto wanaipenda mno danganya toto, na mpigaji wa kwanza akikosa wanataka kuirusha kwa kila anayefuata. Ndiyo maana ishara za mrusho gani utumike zinatoka kwa mdakaji. Yeye yuko karibu na mpigaji, anaiona miguu yake na anajua kama aliwahi au alichelewa. Mrushaji akitikisa kichwa kukataa, mdakaji anarudia ishara ileile.