Lara Croft aangaliwe miguu

Mjadala kuhusu Lara Croft, shujaa wa gemu za Tomb Raider, huanzia kifuani na kuishia kwenye kaptura. Lawama ziende kwa matangazo ya miaka ya 1990 kuliko kwa gemu yenyewe. Anayeishika pedi na kucheza Tomb Raider ya mwaka 1996 anakutana na mtu mwingine kabisa: mwanamke ambaye kila hatua yake imepimwa. Mashujaa wa kike wa gemu za zamani wametuachia mengi, ila lililo kubwa zaidi ni namna walivyotembea, na hilo ndilo halizungumzwi.

Core Design, studio ya Derby, Uingereza, waliijenga dunia yote ya gemu ile kwa miraba inayolingana. Lara naye akapewa mwili unaoendana na miraba hiyo. Akiruka kutoka alipokuwa amesimama, anavuka pengo la mraba mmoja. Akiruka kwa kukimbia, miraba miwili. Akikimbia, akaruka na kudaka ukingo wa mbele, mitatu. Ukiona pengo la minne, hiyo si njia. Geuka utafute swichi au jiwe la kusukuma. Ndiyo maana mchezaji mzoefu husimama ukingoni akihesabu sakafu kwanza, kama fundi anayepima kabla ya kukata.

Mruko wa kukimbia ndio unaowashinda wengi, na karibu kila mara kosa ni la vidole. Kwenye pedi ya PlayStation, shikilia kitufe cha R1 ili Lara atembee polepole. Hata ukiendelea kusukuma mbele, atasimama ukingoni na hatadondoka. Achia R1. Bonyeza nyuma mara moja: ataruka kinyumenyume mraba mmoja, na huo mraba ndio nafasi kamili ya kuchukua mbio. Sasa bonyeza mbele, subiri miguu ianze kukimbia, halafu shikilia kitufe chenye alama ya mraba, cha kuruka. Hataruka papo hapo. Atamalizia hatua yake na kuondoka ukingoni kabisa. Akiwa hewani shikilia X hadi mikono idake.

Ukibonyeza mbele na kuruka kwa pamoja, unapata ule mruko mfupi wa kusimama. Ukichelewa, anakimbilia shimoni. Ukiwa umekaa mshazari mno, anaugonga ukuta na mikono haidaki kitu, kwa hiyo mnyooshe atazame ukingo wa mbele kabla ya yote. La nne ni baya zaidi: kidole kikibaki kwenye R1 wakati wa kuruka, Lara hupiga mbizi kichwa mbele. Ni mruko mzuri sana juu ya maji. Juu ya mawe, shingo inavunjika. (Watengenezaji waliweka madoido hayo kwa raha tu, na yameua wachezaji wengi kuliko mbwa mwitu wa mapango ya Peru ndani ya gemu hiyo.)

Kushuka nako kuna adabu yake. Mgeuze Lara aupe ukingo mgongo, bonyeza nyuma, na akianza kuanguka shikilia X. Ataning'inia. Achia, uone anatua wapi. Katika hatua ya gemu iitwayo St. Francis' Folly, kile kisima kirefu cha kushuka chenye vyumba vya Neptune, Atlas, Thor na Damocles, asiyejua hili hafiki chini mzima.

Matoleo matatu ya kwanza ya Tomb Raider yalitoka upya Februari 2024, yakiwa na mipangilio miwili ya vitufe. Ule wa kisasa unamwendesha Lara kufuata kamera inakotazama na unavutia mgeni, lakini unaficha kile kiruko cha nyuma ambacho hesabu yote imejengwa juu yake. Chagua ule wa zamani. Utakuudhi saa ya kwanza; zunguka nao kwenye jumba la Lara, kwenye ukumbi wa mazoezi, kabla hujaenda pangoni.

Samus Aran, shujaa wa gemu za Metroid, ana somo la aina hiyohiyo. Watu hukumbuka kwamba Metroid ya 1986 ilimvua kofia mwishoni kwa aliyemaliza haraka, wakashangaa kumbe ni mwanamke. Mimi naona Super Metroid ya 1994 ilimheshimu zaidi, kwa kumpa mruko wa ukutani bila kuueleza kwa maneno ndani ya gemu. Wanyama wadogo ndani ya eneo la Brinstar wanauonyesha, wewe unaiga: ruka ukizunguka kuelekea ukutani, ukigusa bonyeza upande wa kinyume, kisha kitufe cha kuruka. Vyote viwili kwa pamoja havifanyi kazi. Kinyume kwanza, kuruka baadaye.

Jill Valentine wa Resident Evil, 1996, anabeba vitu 8 na kifaa cha kufungulia kufuli. Chris, shujaa wa kiume wa gemu hiyohiyo, anabeba 6 tu, ingawa anastahimili kuumwa zaidi. Hapo tofauti yao imo kwenye mfuko na si kwenye maneno.

Lara wa Tomb Raider ya 2013 ana sura ya mtu na maumivu ya mtu, na hilo nalipenda. Lakini kingo za kushika zimepakwa rangi nyeupe, na akirushwa karibu nazo mikono inajidakia yenyewe. Haanguki kwa sababu ulihesabu vibaya, kwa kuwa hakuna cha kuhesabu.