Huyu hajajibu, huyu amehamisha: madesa ya pepa ya Kiingereza na magazeti ya zamani

Mwanzoni mwa muhula huu nimekaa ofisini na rundo la madaftari ya fom foo nasahihisha barua za kuomba kazi, kufika daftari la kumi na mbili hivi nikasimama. Barua ni ileile. Sio kwamba zinafanana, ni ileile kabisa, anaomba kazi ya ukarani, kampuni ileile, sanduku la posta lilelile, na wote wameandika wana uzoefu wa miaka mitano kazini, mtoto wa miaka 17 huyo! Alafu kosa la spelingi kwenye neno "faithfully" limekaa palepale kila daftari. Hapo nikajua kuna desa, yani zile notsi za kukariri, limepita darasani na wamelimeza lote mpaka kosa lake.

Sikuwafokea. Naelewa wanapotoka. Mtoto kasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, anaingia fom wani ghafla Baiolojia kwa Kiingereza, Jografia kwa Kiingereza, Historia kwa Kiingereza, na hicho Kiingereza chenyewe ndo kwanza anakijifunza. Miaka minne baadae, Novemba, anakalishwa na pepa masaa matatu. Kwaiyo anafanya kitu pekee ambacho kimemfikisha hapo, anakariri. Na kwenye shule ya kata yenye fom foo 68 na mwalimu mmoja wa somo, desa la steshenari ndo mwalimu wa pili, liwe zuri liwe baya.

Na mengine mabaya jamani. Limetolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka mistari ya chini imekatika, swali linaishia katikati. Mwezi wa pili nilinunua moja, sehemu ya kubadili sentensi kuwa passivi, yani kauli ya kutendwa, majibu mawili kati ya kumi yalikuwa sio, na watoto wangu walikuwa nayo kabla yangu, yani nilichelewa.

Muhula huu basi nimegeuza. Siwapi jibu zuri walikariri, nawapa jibu bovu walisahihishe.

Majibu mabovu nayatoa wapi? Baraza la Mitihani wenyewe wanayatoa bure, kwenye tovuti yao, palepale kwenye pasti pepa, ila wengi tunashusha pasti pepa tunaondoka. Kuna zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo lina yake, zinapita swali kwa swali, wanakwambia watahiniwa wangapi walifanya vibaya na kwanini. Wanapaka na rangi, asilimia ya waliofaulu ikiwa 65 mpaka 100 ni kijani, 30 mpaka 64 njano, chini ya hapo nyekundu. Lakini dhahabu yenyewe sio rangi wala asilimia, ni vile vipande vya majibu walivyoskani, mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, jibu zuri moja na jibu bovu moja. Mwandiko wa peni, na makato yake, na pale alipofuta akaandika tena. Mtoto akiuona anajua huyu ni mtu kama mimi, kakaa kwenye dawati kama langu.

Nachofanya, nachapa ukurasa mmoja tu, nakata yale maelezo ya chini yanayosema kosa ni lipi, nabakiza mwandiko na swali. Nawagawa watu sita sita, kila kundi peni nyekundu moja. Wekeni maksi, na kila maksi mnayokata niambieni mmekata kwanini. Siku ya kwanza walikuwa wakali kuliko mimi, kundi moja likatoa sifuri kabla hata ya kusoma swali, nikawarudisha.

Alafu kuna binti mmoja wa nyuma kule dirishani, tangu fom tuu sijawahi kumwona akinyoosha mkono kwenye kipindi changu. Jibu walilopewa lilikuwa la ufahamu, mtahiniwa kajaza mistari yote, mwandiko mzuri, hakuna hata spelingi moja ya kukosea, wenzake wanataka kumpa nusu ya maksi. Yule binti akachukua kifungu akakiweka pembeni, akafuata kwa kidole mstari kwa mstari, kifungu, jibu, kifungu, jibu. Mara tatu. Akanyoosha mkono. "Madamu, huyu hajajibu. Huyu amehamisha." Alafu kwa sauti ya chini akaongeza, "hata mimi huwa nahamisha."

Sijui ni vipindi vingapi nimetumia miaka yote hii kusema msikopi kifungu, jibuni kwa maneno yenu, na haikuingia. Neno la yule binti limeingia, sasa hivi darasa zima linalo, mtu akisoma jibu lake utasikia huko nyuma "umehamishaaa", na mwenyewe anarudi kukaa analiandika upya.

Sasa magazeti. Kwenye silabasi tuliyofundishia miaka mingi kuna mada ya kuchambua habari za vyombo vya habari, na nasema ukweli wengi tunaipita mbio kwasababu hatuna kitu cha kuchambua, kitabu ni kimoja kwa watoto watano, redio hakuna, intaneti ni simu ya mwalimu na bando la mwalimu. Lakini sisi ni watu wa vichwa vya habari! Pita asubuhi kwenye meza ya muuza magazeti uone wanaume wamesimama mikono nyuma, hawanunui, wanasoma kurasa za mbele na kubishana, na redioni asubuhi magazeti yanasomwa nchi nzima ikiwa inakunywa chai. Huyu mtoto kalelewa humo. Kwaiyo nikaanza kuokota Daily News na The Citizen za zamani, nyingine naomba kwa jirani, nyingine nimezikuta dukani zinafungia maandazi nikamwambia yule mama hebu niachie hii nakupa karatasi nyingine.

Kipindi cha kwanza nikaandika ubaoni kichwa cha habari cha mfano, "Five held over stolen cattle". Nikauliza maana yake nini. Kijana wa mbele, mzuri tu darasani, akasema watu watano walishika. Nikanyamaza. Mwenzake akauliza, "Madamu, walishika nini sasa?"

Hapo sikuanza na kanuni. Nikaandika chini yake, "Watano mbaroni kwa wizi wa ng'ombe". Nikawaambia nitafutieni kitenzi kwenye sentensi hiyo ya Kiswahili. Wakatafuta. Kimya. Hakuna kitenzi! Wakacheka wenyewe, mana wameisoma sentensi ya hivo maisha yao yote na hakuna aliyewahi kukosa maana. Hakuna mtu nyumbani anasema "mjomba mbaroni", unasema mjomba kakamatwa, ila gazeti linasema hivo na tunaelewa kwasababu tunajua gazeti lina lugha yake. Basi na Kiingereza ni hivohivo, wametupa "were" au "have been" kuokoa nafasi, hao watano hawakushika, wameshikwa. Na jambo la jana wanaliandika kama la leo, "Bus overturns", na la kesho wanaweka "to", "Minister to visit".

Zoezi likawa kurudisha maneno yaliyotupwa. Vichwa ishirini, kila kundi lirudishe kila neno lililotupwa mpaka sentensi isimame. Na hilo ndo zoezi la passivi tamu kuliko lote nililowahi kufundisha, kwasababu tatizo la watoto wetu kwenye passivi liko palepale. Sisi passivi tunaificha ndani ya kitenzi, shika, shikwa, kasauti kadogo tu, neno halijaongezeka. Kiingereza kinataka neno jingine mbele, na mtoto analiacha kwasababu kichwani mwake kazi imeshafanyika. Ndo mana unasahihisha insha unakuta "I born in 2008", nilizaliwa ni neno moja, kaandika neno moja. Ukimwambia umekosea "tense" hakuelewi, na wala sio tense. Mwambie umeacha neno kama gazeti linavyoacha, analiona.

Kwenye fasihi ndo nimefurahi zaidi. Watoto wanaingia na uchambuzi wa kununua, pointi saba za dhamira kwa kila kitabu, wanazimwaga hata kama swali halikuuliza dhamira. Tulikuwa na The Black Hermit, tamthilia ya Ngũgĩ iliyoigizwa mara ya kwanza Kampala mwaka 1962, ile ya Remi aliyeozeshwa mjane wa kaka yake, Thoni, akakimbilia mjini, na mwishoni Thoni anajiua. Pointi wanazijua. Ukiwauliza nani wa kulaumiwa wanakupa orodha ya "poor traditions, tribalism" wanakaa.

Nikasema sawa, leo nyinyi ni waandishi wa habari, mmefika kijijini asubuhi ile, nipeni kichwa cha habari na aya tatu kwa Kiingereza. Kundi moja likaandika "Graduate kills wife". Darasa likalipuka. Hajamuua bwana! Kamuua, kamdharau mbele za watu! Kundi jingine wana "Woman found dead", na wasichana wakakataa kabisa, kwamba hapo mmemwondoa kila mtu, kafa tu kama kuku? Wakabishana nusu saa nzima, sehemu kwa Kiswahili sehemu kwa Kiingereza cha kujikongoja, na mimi nasimama pembeni naandika tu maneno wanayoyataka kwa Kiingereza, "blame", "accuse", "driven to". Kumbe kumweka nani mwanzo wa sentensi ni kumlaumu, na kumtoa ni kumsafisha. Wakarudi kwenye kitabu wenyewe, bila kuambiwa, kutafuta ukurasa wenye ile barua aliyoiacha Thoni ya kwamba alimpenda, ili washinde ubishi. Nilikuwa sijawahi kuona mtoto anafungua tamthilia kwa hasira.

Insha walizoandika wiki ile bado zina makosa, mengi. Ila hazikufanana. Madaftari 68, na kila mmoja kasema cha kwake.

Na ile barua ya ukarani nimeipeleka darasani pia. Sijataja jina la mtu, nimeibandika tu na matangazo sita ya kazi niliyokata magazetini, ya kweli, udereva, upishi, uuguzi, uuzaji wa duka, nikasema wekeni maksi hii barua kama nyinyi ndo mnaajiri. Walipofika kwenye miaka mitano ya uzoefu kuna mmoja akasema huyu kaanza kazi akiwa na miaka 12. Wakainamisha vichwa. Nikawapa karatasi nyeupe, kila mtu achague tangazo moja na aombe yeye, kwa umri wake na alichonacho. Mmoja kaandika anaomba kazi ya dukani na kwamba tangu la tano anamsaidia mama yake genge, anajua kurudisha chenji bila kikokotozi. Kiingereza kimepinda, lakini ningemwajiri.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, gharama ni ndogo. Karatasi za manila tano, mkasi, na gundi nimepika mwenyewe kwa unga wa ngano, inashika vizuri ila funika panya wasiifikie. Upande mmoja wa manila bandika habari, upande wa nyuma usiandike majibu, narudia, usiandike majibu, mana wakijua yapo watageuza. Yale majibu mabovu ya watahiniwa yapange kwa aina ya kosa na sio kwa mwaka, aliyehamisha na waliohamisha, aliyeacha neno na walioacha neno.

Jumamosi hii prepo ya asubuhi tunaanza mashairi, na nimekwama kidogo sijapata majibu mabovu ya kutosha ya mashairi yenye mwandiko unaosomeka, kwaiyo mwalimu mwenye kopi safi aniandikie. Na mwenye Daily News za miaka ya nyuma zinazokaa tu stoo asizichome, nitazifuata mwenyewe kwa bodaboda.