Kaizari hafi mwishoni

Vikundi vya maigizo hapa Mwanza vikiifupisha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ili itoshe dakika 40, kosa ni lilelile: wanafunga pazia Kaizari akishachomwa visu. Hapo ni sehemu ya 3 tu kati ya 5!

Sehemu ya 1 inapanda njama ya kumuua Kaizari, mtawala wa Roma, ya 2 inamwingiza humo rafiki yake Brutus. Lakini msuko unageukia mazishini, onyesho linalofuata mauaji. Brutus anahutubia kwanza, umati unamshangilia, kisha anaondoka na kumwachia jukwaa Antony, mfuasi mwaminifu wa Kaizari. Upepo unageuka hapo, kama ziwa linavyochafuka ghafla mitumbwi ikiwa mbali na mwalo wa Kirumba. Antony haanzi kwa hasira: anarudia na kurudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anataja wosia wa Kaizari bila kuusoma, anaonyesha vazi lenye matundu, ndipo anausoma. Ukikata marudio hayo, ghasia za umati hazina chanzo.

Punguza sehemu ya 4, ila ugomvi wa Brutus na Cassius, mwenzake katika njama, uache. Vita vya mwisho mpe mjumbe asimulie, kama Wagiriki wa kale walivyozoea. Mapanga ya mbao huchekesha watu.