Usiku Niliozungumza kwa Kalamu

Siku ya kwanza nilidhani ni mafindofindo ya kawaida. Nikameza dawa ya maumivu, nikajifunika, nikalala. Kufikia siku ya pili maumivu yalikuwa yamehamia upande wa kulia peke yake na kupanda hadi sikioni, nikawa sijui kama ninaumwa koo au sikio. Nikaenda kwa mtabibu. Aliniambia nifungue mdomo, nikafungua kadiri nilivyoweza, akamulika tochi mara moja, akaandika vidonge na kuniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Nilijaribu kumweleza kwamba taya linakaza. Hakuelewa nilichosema, nami sikuwa na nguvu ya kurudia. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu taya lile ndilo lilikuwa habari yenyewe.

Siku ya nne niliacha kumeza mate. Mtu hajui humeza mate mara ngapi kwa saa moja mpaka kila funda liwe kama wembe. Nilikaa na taulo mapajani nikiyaacha yatiririke, mtu mzima mimi, na mdogo wangu akawa anaangalia dirishani ili nisione haya. Mdomo wangu haukupitisha zaidi ya kidole kimoja. "Dada, inuka twende hospitali," alisema. Nilipomjibu alishtuka. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, imezibika, kama ya mtu anayesema huku akizungusha kitu cha moto kinywani.

Mapokezi waliniuliza jina. Nikalisema. Wakauliza tena. Nikalisema tena, machozi yakinilengalenga, maana jina langu mwenyewe lilikuwa limenishinda. Pembeni alikuwepo nesi akipima watu presha. Hakuwa ameniona, alikuwa amenipa mgongo. Alisikia tu. Akaacha alichokuwa akifanya, akaja akaniinamia: "Sauti hii imeanza lini?" Nikamwonyesha vidole viwili. Akanipima: joto nyuzi 39.4, mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Nikaingizwa ndani kabla ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, na namshukuru kila mmoja wao, kwani hakuna aliyenung'unika.

Aliponiwekea kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, aliniuliza kwanza, "Unaandika kwa mkono upi?" Sikuelewa swali hilo lina maana gani. Nikanyoosha wa kulia, akachoma wa kushoto.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mama mmoja mpole, mwenye haraka isiyomtisha mgonjwa. Alitumia kijiti kukandamiza ulimi, akaangalia kwa utulivu, kisha akachukua karatasi na kunichorea koo langu. Hapa ni tonsili, tezi ya pembeni mwa koo, alisema. Hapa nyuma yake, kati ya tonsili na msuli wa ukuta wa koo, kumejaa usaha. Ni jipu. Limekisukuma kimio chako, hiki kinyama kinachoning'inia kooni, hadi upande wa kushoto. Misuli ya kutafunia iko jirani, uvimbe ukiifikia inakakamaa, ndiyo maana taya halifunguki. Na sikio lako ni zima kabisa: neva inayohudumia koo ina tawi linalofika sikioni, basi maumivu ya huku unayasikia kule. Nililia pale. Kwa siku nne nilikuwa nimebeba vitu vitatu visivyohusiana, na huyu mama alivikusanya vyote kwenye mchoro mmoja.

Jipu hutibiwa kwa kutolewa usaha, vidonge peke yake havitoshi. Nilikalishwa wima, sikulazwa chali, ili usaha usije ukateremkia kwenye njia ya hewa. Alinipulizia dawa ya ganzi, chungu ajabu, kisha akanidunga ganzi nyingine palepale kwenye uvimbe. Nikamwona akikata ncha ya kifuniko cha plastiki cha sindano na kukirudisha, sindano ikabaki imechungulia kama sentimeta 1 tu. Aliona ninavyokodoa macho. "Nyuma ya hapo kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo," alisema. "Kifuniko hiki hakiniruhusu kufika huko hata mkono ukiteleza." Nadhani wengine wangemficha mgonjwa habari ya mshipa huo. Mimi nilitulia kwa sababu niliambiwa.

Sindano ilipoingia nilisikia msukumo, kisha kitu kikaachia. Bomba likajaa usaha wa rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, mililita 7. Harufu yake sitaieleza. Mashine ya kunyonya ilikuwa ikinguruma pembeni, nikatema, nikasukutua, nikatema tena damu na maji. Kabla sijainuka kwenye kiti kile taya lilikuwa limeanza kulegea. Nikameza mate. Yaliuma, lakini yalishuka.

Walinilaza kwa sababu nilikuwa nimekaukiwa maji na usaha ungeweza kujaa upya. Dripu, penisilini ya mshipani kila baada ya saa 6, metronidazole ya kuua bakteria, na deksamethasoni ya kupunguza uvimbe. Kitanda changu kiliwekwa mkabala na meza ya manesi, mahali ambapo wangesikia nikianza kukoroma au kuvuta hewa kwa shida.

Ganzi ilipoisha, hofu iliingia. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu saa za mwisho za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyefariki tarehe 14 Desemba 1799 baada ya koo kuvimba kwa siku moja tu. Madaktari wanaofuatilia historia wanadhani zaidi ilikuwa uvimbe wa kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa. Alitolewa damu zaidi ya lita 2, kwa kuwa ndivyo walivyojua kutibu wakati huo. Kilichonikaa ni kwamba naye, asubuhi ile, hakuweza kutamka neno likaeleweka. Nikakumbuka wodi ile.

Maana usiku ule sauti yangu bado ilikuwa haijarudi, na wodi nzima ilikuwa imelala. Nesi wa zamu ya usiku aliniona nimekaa nimeshika shuka. Hakuniuliza kitu. Alileta daftari dogo na kalamu, akaviweka chini ya mkono wangu wa kulia, na hapo nikaelewa swali la mwenzake wa mchana.

Niliandika: Nikilala nitakabwa?

Nilikuwa nasikia vizuri, angeweza kuninong'oneza. Lakini alichukua kalamu naye akaandika, nadhani asiwaamshe wengine: Hapana. Oksijeni yako ni asilimia 98. Kaa umeegemea mito, usilale chali.

Nikaandika: Na uvimbe ukirudi?

Akaandika: Utaanza kupumua kwa sauti. Nitasikia. Niko hatua nne kutoka hapa.

Tuliendelea hivyo kurasa tatu nzima. Nilimuuliza mambo ambayo nisingethubutu kuyauliza kwa mdomo, likiwemo kama nimejiletea mwenyewe kwa kuchelewa. Aliandika kwamba nilikwenda kutibiwa siku ya pili, na kwamba hapo sikuchelewa. Akapiga mstari chini ya "sikuchelewa", kisha akairekebisha: hukuchelewa.

Sikumbuki nilisinzia saa ngapi. Asubuhi zamu ilikuwa imebadilika, yeye ameshaondoka, na daftari lilikuwa juu ya kabati la kitanda. Nikalifungua nitafute mahali tulipoishia. Chini ya swali langu la mwisho, kwa mwandiko wake, ilikuwepo mistari ambayo sikuiona ikiandikwa:

Saa 8:20, umelala. Unapumua vizuri.
Saa 9:15, umelala. Dawa imeingia, hukuamka.
Saa 10:30, umegeuka mwenyewe. Umemeza mate usingizini.