Watoto Wamekua, Mtungi ni Ule Ule

Shikamoo ya mtoto mkubwa ikiingia kwa meseji saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama, vuta kiti ukae kwanza. Alipokuwa shule alisema "mama, naomba hela ya daftari" mkamalizana. Huyu wa sasa, miaka 27, shahada ukutani na kitambulisho cha kazi shingoni, ana utaratibu. Shikamoo. Umeamkaje. Presha ya baba inaendeleaje. Akifika kwenye "na wale kuku wako wanataga?" ujue tumeshavuka elfu hamsini. Salamu ikishuka kwenye mifugo, kiasi kimepanda.

Usijibu kwa meseji, piga simu. Kwanza, mdomo hauwezi kurefusha salamu kama vidole. Pili, na hili halina utani, matapeli nao huandika "ile hela tuma kwenye namba hii", na mwanao akiwa na haraka huandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Wekeni neno la nyumbani lisiloandikwa kwenye simu ya mtu yeyote: jina la mbwa aliyekufa zamani, jina la utani la babu. Namba ngeni ikidai ni mwanao, uliza neno. Halijui, hana hela hapa.

Na suala la ya kutolea, yaani ada ya kutoa hela kwa wakala, limalizwe mapema. Hela ikienda kwake, anadai na ya kutolea. Ikija kwako, inakuja kavu, halafu anashangaa kwa nini elfu ishirini aliyotuma hukuitoa yote. Anayetuma ndiye anayeongeza ya kutolea, kwa pande zote mbili, na liandikwe kwenye grupu la familia kabla ya sikukuu.

Hela ya kuombwa, hata hivyo, unaiona ikitoka. Inayommaliza mama ni ile isiyoombwa na mtu, inayopita kwenye waya na kwenye mpira wa gesi tangu kijana arudi nyumbani "kwa muda, mpaka kodi ya miezi sita itimie". Hapo malalamiko hayasaidii. Ukisema "mnanimalizia umeme" watakuonea huruma na kwenda kuoga. Ukitaja yuniti, watanyamaza.

Tuanze na umeme, maana huko ndiko tunakomkamata mtu asiye na kosa. Tunapigia kelele chaja za simu. Simu kubwa ya kisasa ukiichaji kutoka sifuri mpaka ijae, yuniti moja inatosha mara 40 hivi. Feni ya wati 60 ikizunguka usiku kucha, saa 8 mfululizo, haifiki nusu yuniti. Mwachie mtoto feni yake. Mkosaji yuko bafuni: ile hita inayopasha maji yakipita, ambayo mara nyingi ameifunga yeye mwenyewe kama zawadi ya Siku ya Mama. Ya wati 5,000 inakula yuniti moja kila dakika 12. Kijana anayeoga dakika 20 asubuhi na 20 usiku, huku anasikiliza mtu akieleza biashara mtandaoni, anamaliza yuniti 100 kwa mwezi peke yake.

Sasa angalia kinachofuata. Nyumba ya wazee wawili wenye friji, feni, taa na tivii inaweza kukaa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambako yuniti ni shilingi 100, na kodi na tozo zikiingia inakuwa 122. Wakitumia yuniti 60 wamelipa shilingi 7,320. Kijana akileta zake 100, nyumba inavuka mstari, na ikizoea kuvuka inahamishiwa kundi la kawaida, ambako kila yuniti, kuanzia ile ya kwanza kabisa, ni shilingi 356. Yuniti 160 hapo ni karibu shilingi 57,000. Mtu mmoja amerudi na begi moja, bili imepanda karibu mara nane. Hesabu hii ibandike kwenye mlango wa bafu, upande wa ndani, ambako atakuwa na dakika 20 za kuisoma.

Maji ya ndoo bado ni rafiki. Lita 20 kuzipasha kutoka ubaridi wa kawaida wa Dar mpaka uvuguvugu wa kuogea ni nusu yuniti tu. Ukitumia ile hita ya kutumbukiza, izime na uichomoe ukutani kabla mkono haujagusa maji. Si baada ya kuonja kama yamepata moto.

Pasi nayo ina lake. Umeme mwingi unakwenda kuipasha ikiwa baridi, kwa hiyo shati moja kila asubuhi kwa siku tano ni kuipasha mara tano. Mashati matano Jumapili jioni ni mara moja. Watakubaliana nawe kabisa, kisha Jumatatu saa kumi na moja na nusu utasikia meza ya pasi ikikunjuliwa. Hili mimi nimelisamehe.

Mchango wa nyumba usiuombe kwa fedha taslimu. Ukimwambia mtoto mkubwa "toa elfu hamsini kila mwezi", ataitoa miezi miwili, wa tatu ataanza kuuliza wale kuku. Mpe bili yenye jina: huyu luku (umeme wa kulipia kabla), huyu gesi, yule maji na king'amuzi. Bili ikiwa ya kwake, utamwona anazima taa za koridoni kama mwanajeshi. Ila kuna mtego kwenye luku. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Elfu kumi iliyozoea kuleta yuniti 28 inaleta 23 na ushee, na mtoto anakuja sebuleni na simu mkononi kukuambia mita yako inaiba. Tarehe mosi nunua wewe umeme wa elfu mbili, kodi ikatike hapo, kisha umkabidhi mita ikiwa safi. Pia akinunua atume zile namba 20 kwenye grupu papo hapo. Kosa linalojirudia ni kununua saa nne usiku, namba zikabaki kwenye simu yake, simu imezimwa, mwenyewe amelala, na nyumba nzima gizani huku umeme umeshalipiwa.

Gesi ni rahisi zaidi kwa kuwa mtungi unapimika. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, karibu na mkono. Uweke kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Fanya hivyo mbele ya muuzaji siku ya kununua, kilo 15 ziwe 15. Huna mizani, mwaga kikombe cha maji ya moto ubavuni mwa mtungi, ngoja kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo. Weka alama ya chokaa na tarehe. Alama za chokaa zikishuka haraka usiku kuliko mchana, unajua nani anakaanga chipsi saa tano.

Jiko kubwa likiwaka kwa nguvu hula gramu 200 na kitu kwa saa. Maharage ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa juu ya moto saa mbili, karibu nusu kilo ya gesi kwa sufuria moja. Yakilala kwenye maji usiku, muda unapungua sana, na kwenye sufuria ya presha zaidi. Tatizo ni kwamba mtoto mkubwa huamua kupika maharage saa kumi na mbili jioni, na maharage hayasikilizi mtu. Basi chemsha kilo mbili kwa mkupuo, gawanya kwenye vyombo vya mfuniko, uache nafasi ya vidole viwili juu maana yakiganda yanatanuka, yaingie kwenye friza bila nazi. Tui likigandishwa hujitenga, ukipasha unapata maji na chengachenga za mafuta. Lipike siku ya kula. Mbatata usizigandishe kabisa, zinatoka kama sifongo iliyolowa. Chapati zinakaa vizuri sana, ila zipoe wazi kwenye ungo kwanza, kisha karatasi ya nailoni katikati ya moja na nyingine. Ukizifunga zikiwa za moto zinatoka jasho na kesho zinanuka. Kilo moja ya unga inatoa 10 hadi 12. Nyumba yenye vijana watatu isihesabu kwa mtu, ihesabu kwa kilo.

Halafu kuna ile sentensi ya "mama, nakuja na mwenzangu". Mwenzangu ni watu watatu. Unapata taarifa pilau ikiwa imeshakunywa supu nusu. Usiongeze mchele kwenye sufuria ile. Wa mwanzo utavurugika, wa baadaye utabaki na kiini, na aliyeleta wageni ndiye atakayesema "leo pilau imekuwaje?" Chota supu iliyobaki, iongeze maji na chumvi, pika wali mwingine kwenye sufuria ya pili. Ukikaribia kukauka, uuchanganye na pilau polepole kutoka chini kwenda juu, ufunike, upalie moto juu kwa robo saa. Mchele mpya wa msimu unataka maji machache kuliko wa zamani, kwa hiyo sufuria ya pili usiikadirie kwa mazoea, onja. Kwa nyama, kata ndogo. Kilo moja kwa vipande vya gramu 40 ni vipande 25, na kachumbari nyingi huziba mapengo.

Aliye kazini awekewe chakula kabla watu hawajakaa kula. Sahani ya baadaye huwa ya mifupa. Ifunike, andika jina kwenye kipande cha plasta, iingie kwenye friji ikishapungua moto. Kwa joto letu wali usikae mezani zaidi ya saa moja au mbili. Wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu bila harufu yoyote, na kuupasha hakuiondoi. Jina liandikwe juu ya mfuniko na ubavuni pia, kwa sababu la juu peke yake limeshaleta utetezi maarufu wa "nilifungua kwanza ndipo nikaona".

Kuhusu kurudi usiku, msumari mmoja kwa kila mtu ukutani karibu na mlango, na ufunguo wake. Ufunguo uko kwenye msumari, mwenyewe yuko ndani. Wa mwisho kuingia akiona misumari yote imejaa anatia komeo. Inaharibika pale mtu anapoingia na ufunguo mfukoni akalala nao, na wewe unabaki macho ukimsubiri aliye chumbani anakoroma. Kwa hiyo hesabu na ndala pia.

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kutoka Dar kwenda Dodoma, Julai 2024, mtoto aliye kazini makao makuu hana tena kisingizio cha umbali. Saa tatu na ushee mpaka nne, yupo. Anakuja Ijumaa na begi la nguo chafu na kuondoka Jumapili na begi la chakula. Nguo mwonyeshe mashine ilipo na sabuni ilipo, suruali za jinzi zitangulie Ijumaa hiyo hiyo maana ndizo zinazochelewa kukauka. Chakula kigandishwe tangu Ijumaa, vyombo vibanwe pamoja vimezungushiwa taulo (lake, si lako), vilivyo na mchuzi vikae chini na vilivyo na chapati juu. Kwa mwendo huo vinafika vikiwa bado vigumu katikati.

Vyombo ndiyo hasara yenyewe. Safirisha kwenye makopo ya aiskrimu na ndoo za siagi, uandike idadi kwenye grupu: vimetoka sita. Wiki ijayo vikirudi vitatu, chakula kinajazwa kwenye vitatu. Watajifunza haraka kuliko walivyojifunza hesabu darasani. Mifuniko ihesabiwe peke yake, kwa sababu chombo hurudi na mfuniko wa jirani. Hotpoti haiingii kwenye mpango huu. Hata aseme ni ya siku mbili, hata aanze na shikamoo, hotpoti haitoki getini.